Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku

Mimi ni mtunza stoo wa kampuni inayopandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi mjini. Mahema, magodoro, majiko ya gesi, mitungi ya oksijeni, vyote vinapita mikononi mwangu vikienda na vikirudi. Kabla ya stoo nilikuwa mgumu, ndivyo tunavyojiita wapagazi wa mlimani, nikipanda na mzigo wa kilo 20 hadi kambi ya Barafu na kushukia geti la Mweka. Kilichonitoa mlimani ni kifafa. Ukuta wa Barranco si mahali pa kumpitisha mtu mwenye mzigo kichwani ambaye hakuna anayejua ataanguka lini. Bosi aliponihamishia stoo nilinung'unika, maana tipu za wageni hugawiwa huko huko getini na hazifiki stoo, lakini hakukosea.

Dawa za kifafa nimezimeza muda mrefu kuliko nilivyobeba mizigo, tena za aina mbalimbali. Kliniki wanakuambia umeze ngapi na saa ngapi, na kwa foleni ile siwalaumu kwamba hawafiki kwenye kwa nini. Ila hiyo kwa nini ndiyo iliyonisaidia. Dawa ya malaria inaua vimelea, kazi imekwisha. Dawa ya kifafa haiui kitu. Inasogeza kemia ya ubongo kidogo upande mmoja, halafu ubongo nao unajibu, na ini linajibu, na wewe unaishi katikati ya majibizano hayo. Mambo niliyoyaita mkosi kwa miaka, na mengine ambayo watu wa nyumbani waliyaita tabia, yalikuwa majibizano hayo tu.

Nilianguka mara ya kwanza kihambani kwa bibi, Kibosho, tukikata majani ya ng'ombe. Sikumbuki kitu. Nilichosimuliwa ni kwamba nilinusishwa kiatu, kijana mmoja akanisukumia kijiko mdomoni (kipande cha jino langu la mbele kilikwenda na kijiko hicho), na wengine wakasimama mbali wakiambiana nisiguswe kwa sababu ya mate. Mate hayaambukizi kifafa. Naliandika hili kwa sababu hata juzi nimelisikia kwenye daladala ya hospitali ya KCMC, limesemwa na mtu aliyevaa tai. Mtu akianguka mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mwondolee vitu vya kumuumiza, angalia saa, usimtie chochote mdomoni. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Baada ya misa za kuombewa na dawa za kuchemsha ndipo mama akanipeleka kliniki. Sehemu nyingi wagonjwa wa kifafa tunahudumiwa kwenye kliniki ya magonjwa ya akili, na siku ya kwanza unaweza kuwaona watu wamejifunika mitandio mpaka machoni wasitambuliwe na majirani. Nesi wa pale, mama wa makamo, alitufundisha tukiwa kwenye benchi. Alisema ubongo wa kawaida ni kama soko la Mbuyuni siku ya Jumamosi: kelele tupu, lakini kila mtu ana neno lake, huyu anataja bei, yule anaita mteja. Kifafa ni wauzaji wote kuanza ghafla kupiga makofi kwa mdundo mmoja. Hakuna biashara inayofanyika tena. Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, hata kwa madaktari bingwa.

Kinachoamua nani apige kelele na nani anyamaze ni kemikali. Seli ya ubongo hupitisha umeme ndani yake, na umeme ukifika mwisho, seli humwaga kemikali kwenye upenyo mdogo ulio kati yake na seli ya jirani. Kuna kemikali inayoamsha jirani, kubwa kati yake ikiitwa glutameti, na kuna inayotuliza, ambayo kubwa yake ni GABA. Cha kushangaza, ubongo hutengeneza GABA kutokana na glutameti hiyo hiyo, kwa kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemia mwilini) kinachohitaji vitamini B6. Inayoamsha ikizidi, au inayotuliza ikipungua, au milango ya umeme ya seli ikiwa na kasoro, makofi yanaanza. Chanzo kinaweza kuwa kovu la ajali, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyojikita kwenye ubongo, au urithi. Wengine, nikiwamo mimi, hatujui. Dawa haigusi chanzo hicho. Kovu linabaki kovu.

Nilianzishiwa fenobabito, kidonge kimoja usiku. Ni dawa kongwe: mwaka 1912 daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, alikuwa akiwapa wagonjwa wa wodini ili watulie, akagundua kwamba wenye kifafa wanaanguka mara chache zaidi. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado iko kwenye makabati ya zahanati zetu, kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanya kazi.

Inavyofanya kazi ni hivi. GABA ikitua kwenye kipokezi chake juu ya seli, mlango unafunguka na kloraidi, yenye chaji hasi, inaingia ndani. Seli yenye chaji hasi nyingi ndani ni ngumu kuamshwa. Fenobabito inaufanya mlango huo ukae wazi muda mrefu zaidi kila unapofunguka. Diazepamu, ile wanayokupa hospitali ukifika bado unatetemeka, inagusa kipokezi hicho hicho ila yenyewe inaufanya mlango ufunguke mara nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba vipokezi vya GABA viko ubongo mzima, havikai pale tu kifafa kinapoanzia. Kwa hiyo dawa inatuliza pia sehemu ya kukumbuka, ya kuhesabu, ya kuamka. Miezi ile ya mwanzo nilikuwa nasimama mbele ya jiko nimesahau nilikuja kupika nini. Watoto wengine wadogo huwafanya kinyume kabisa, wanakuwa watundu wasiotulia, na walimu wanachapa.

Jambo jingine kuhusu fenobabito ambalo ningependa liandikwe ukutani kwa herufi kubwa: inakaa mwilini muda mrefu mno. Kwa mtu mzima, nusu ya kidonge cha leo bado iko kwenye damu baada ya siku 3 au 4. Ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Na ndiyo maana kiwango kwenye damu kinahitaji wiki 2 hadi 3 kutulia. Nimekutana na watu wengi kliniki waliomeza wiki moja, wakaanguka, wakasema dawa ya hospitali imeshindwa, wakarudi kwa mganga. Dawa ilikuwa bado inapanda.

Kushuka nako kunachukua muda, na hapo ndipo kuna mtego. Mwaka mmoja kituo cha afya nilichokuwa nachukulia dawa kiliishiwa. "Dawa hakuna, kanunue." Nikazunguka maduka ya dawa, mengi yakaniambia hiyo hawaiweki kwa sababu ni dawa inayodhibitiwa. Siku za mwanzo sikuanguka. Kusema kweli nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia tangu nianze matibabu: usingizi umepungua, maneno yanakuja haraka, hesabu za stoo nafanya kichwani. Mdogo wangu akaniambia labda nimepona. Kisha wiki ya pili, usiku mmoja, nikaanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na majirani wakanipakia kwenye bajaji.

Daktari wa zamu alinieleza asubuhi yake, nikiwa na ulimi uliovimba. Ubongo uliokaa na fenobabito kwa miaka hujipanga upya. Kwa kuwa utulivu unaletwa kutoka nje kila usiku, unavipunguza nguvu vipokezi vyake vya GABA na kuimarisha upande wa kuamsha ili usawa upatikane. Dawa ikiondolewa haraka, haurudi pale ulipokuwa kabla ya kuanza. Unashuka chini ya hapo, kwa muda. Kwa hiyo hatari ya kuanguka katika wiki zile ni kubwa kuliko ya mtu ambaye hakuwahi kumeza kabisa. Ndiyo maana ikiachwa, inaachwa kwa miezi, robo kidonge kwa robo kidonge. Tangu siku ile nina akiba ya wiki kadhaa kwenye kopo, na nikifungua kopo hilo ni lazima niende kutafuta nyingine kesho yake.

Baada ya hapo nikahamishiwa kabamazepini, ambayo wengi tunaiita Tegretol hata kama boksi limeandikwa jina la kiwanda kingine. Wiki ya kwanza niliona Kibo mbili. Sitanii: asubuhi ya anga safi natoka nje ya stoo, natazama juu, vilele viwili vyenye theluji, kimoja kimesogea kushoto kidogo. Naziba jicho moja, kinabaki kimoja. Kuona vitu viwiliviwili na kichwa kuzunguka ni dalili za kawaida za kabamazepini kiwango kinapopanda haraka, na hupungua dozi ikigawanywa vizuri.

Hii haitegemei GABA. Inagusa milango ya sodiamu. Kila seli inapotaka kupiga umeme, hufungua milango midogo na sodiamu inakimbilia ndani. Baada ya kupiga, mlango hujifunga na kukaa kidogo katika hali ya kutofunguka, kisha unakuwa tayari tena. Kabamazepini inaugandisha mlango katika hali hiyo ya kutofunguka na kuurefushia mapumziko. Sasa hapa kuna jambo zuri kweli. Seli inayopiga polepole, kwa mfano ile ninayoitumia kukumbuka hema namba ngapi limetoka, milango yake huwa imeshapumzika vya kutosha, dawa haiidhuru sana. Seli inayopiga kwa kasi ya kifafa milango yake iko muda mwingi katika hali ile ambayo dawa inaishika. Kadiri seli inavyozidi kasi, ndivyo dawa inavyozidi kuibana. Kwa hiyo akili yangu ilirudi. Niliacha kusimama mbele ya jiko.

Halafu, zaidi ya mwezi baadaye, nikaanguka. Dozi ile ile, saa zile zile, sikuruka hata mara moja, na mke wangu ni shahidi maana yeye ndiye anayegonga mlango wa bafu saa mbili asubuhi. Shangazi alisema kuna mkono wa mtu. Daktari alisema kuna mkono wa ini. Kabamazepini huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuivunja kabamazepini yenyewe, na ini huchukua wiki 3 hadi 5 kufikia kasi yake mpya. Kidonge kile kile, kiwango kidogo kwenye damu. Dozi ikapandishwa, nikatulia. Ningeambiwa mapema, shangazi asingekosana na jirani.

Ini likishaamka halichagui. Vimeng'enya vile vile huvunja dawa nyingine, na hapa akina dada wasikilize. Kabamazepini, fenobabito na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Kwenye benchi letu yuko dada aliyepata mimba akiwa na kijiti, akatukanwa nyumbani kwamba alikitoa kwa siri. Sindano ya miezi 3 haiathiriki namna hiyo. Zipo pia dawa za VVU na za kuyeyusha damu zinazopungua nguvu, kwa hiyo kila anayekuandikia dawa lazima aione kadi yako ya kifafa. Na valproeti, ambayo inazuia kifafa vizuri sana na ambayo nguvu yake iligunduliwa Ufaransa miaka ya 1960 ilipokuwa inatumika tu kama kimiminika cha kuyeyushia dawa nyingine, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, uti wa mgongo na ubongo. Mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari kabla, na asiiache ghafla mwenyewe akishajua ana mimba, maana kuanguka nako kunamdhuru yeye na mtoto.

Upande wa pili wa ini niliuona kwa sababu ya kifua. Nilinunua erithromaisini duka la dawa, dozi kamili, sikuwaza chochote. Siku ya tatu nilikuwa nakwenda upandeupande, maneno mazito. Mama mwenye nyumba, mtu wa Machame, mlokole, alinikuta nimeshika ukuta wa uani.

"Baba, mbege saa tatu asubuhi?"

"Shikamoo mama. Ni dawa."

"Marahaba. Hizo dawa siku hizi zinauzwa kwa kata?"

Erithromaisini hukifunga kimeng'enya kinachovunja kabamazepini, kwa hiyo kiwango kwenye damu kilipanda kama niliyemeza dozi mara mbili. Daktari alibadilisha antibiotiki, siku mbili nikawa sawa. Mama mwenye nyumba hadi leo hajaamini.

Sehemu ngumu kuisimulia ni ya hasira. Nilikuwa bado naanguka usiku mara mojamoja, daktari akaniongezea levetirasetamu. Wengi inawafaa sana, haigombani na dawa nyingine, na ini haliihangaishi. Inajishika kwenye protini inayoitwa SV2A iliyoko kwenye vifuko ambamo seli huhifadhi kemikali kabla ya kuzimwaga, na hivyo kupunguza mmwago pale seli inapokwenda mbio. Mimi ilinizuia kuanguka mara moja. Ila wiki ya pili au ya tatu nikawa mtu mwingine.

Kijana mmoja mgumu alirudisha hema likiwa na vigingi pungufu. Jambo la kila wiki, vigingi hubaki kwenye udongo wa kambi ya Karanga, unaandika kwenye daftari maisha yanaendelea. Nilimrukia maneno mpaka wenzake wakaacha kupakua gari. Yule kijana, mdogo kabisa, akasimama mikono nyuma.

"Kaka, nisamehe. Ila hata salamu yangu hujaitikia."

Nilisikia hasira ikipanda zaidi kwa sababu alikuwa na adabu. Nyumbani mtoto akidondosha kikombe nilikuwa nahisi moto kifuani kabla kikombe hakijafika chini. Mke wangu alinyamaza siku kadhaa, halafu akasema, "Baba, ulipokuwa unaanguka nilikuwa naogopa kwa ajili yako. Sasa nakuogopa wewe." Akaja na mimi kliniki, akaongea yeye.

Daktari hakushangaa. Ukali, machozi ya ghafla, huzuni nzito vinajulikana kwa dawa hii, si kwa kila mtu. Kemia inayoshika kifafa ndiyo inayoshika pia hasira na furaha, huwezi kusogeza moja ukaiambia nyingine ikae palepale. Akanipunguzia polepole mpaka ikatoka, akapanga upya kabamazepini, mara hii vidonge vya kuachia dawa taratibu. Kwa wiki mbili tatu moto ukaondoka. Nilimtafuta yule kijana nikamwomba radhi, akacheka, "Mangi, tulijua ni vidonge." Mimi mwenyewe sikuwa nimejua. Wenzangu wa benchi: mkimwona mtu wenu amebadilika baada ya kubadilishiwa dawa, msimwachie aende kliniki peke yake, kwa sababu yeye anaona dunia ndiyo imekuwa ya hovyo. Na akianza kusema hataki kuishi, asisubiri tarehe ya kadi.

Kuna kitu nilikigundua stoo, nikakaa nacho kwa furaha kama mtoto. Wageni wetu wengi humeza asetazolamidi, jina lake la dukani ni Diamox, ili wasiumwe na urefu wa mlima. Hulalamika vidole vinawachonyota, na soda haina ladha. Siku moja nasoma karatasi ya ndani ya boksi lililoachwa kwenye mfuko wa kulalia, nakuta: glakoma, maradhi ya mwinuko, kifafa. Kifafa! Dawa niliyoiona miaka yote mifukoni mwa Wajerumani na Wamarekani imetumika kwa kifafa tangu miaka ya 1950.

Nikakumbuka kipimo cha umeme wa ubongo. Walinibandika nyaya kichwani, mtaalamu akaniambia nipumue haraka na kwa nguvu kwa dakika 3. Nilidhani ni ya kunituliza, kumbe wanataka kukitega kifafa kionekane. Ukipumua haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inapungua asidi, na seli za ubongo zinakuwa nyepesi kuamka. Asetazolamidi inafanya kinyume. Inazuia kimeng'enya kinachoshughulika na kabonidayoksaidi, damu inabaki na asidi kidogo zaidi. Mlimani asidi hiyo inaulazimisha mwili upumue zaidi, oksijeni inapanda. Ubongoni asidi hiyo hiyo inazituliza seli. Dawa moja, kemia moja, mgeni inamfikisha mita 5,895 na mgonjwa inampunguzia kuanguka. Wagumu waliposikia walianza kuniletea masalia ya wageni, nimeze bure. Nikawaeleza kwamba mwili huizoea upesi, ndiyo maana kwa kifafa huandikwa kwa nadra, na kwamba dawa ya mtu mwingine haimezwi. Mmoja alisema nina maringo.

Nikafikiri pia kuhusu miaka yangu ya kubeba. Usiku wa kuelekea kileleni hakuna anayelala, kila mtu anahema kwa haraka, anakula kidogo. Kukosa usingizi peke yake kunatosha kuuangusha ubongo kama wangu.

Pombe nitaipitia haraka kwa sababu Desemba Uchagani hakuna anayetaka kuisikia. Nayo inagusa vipokezi vya GABA. Jioni inatuliza, alfajiri ikitoka inaacha ubongo umechangamka kupita kiasi, na juu yake umekesha. Krismasi nashika kata ya mbege, nalowesha mdomo, nampitishia mjomba. Wazee wameshazoea.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia ipasavyo. Kwa sasa niko ndani ya hao. Kabamazepini peke yake, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa sababu haikai mwilini kama fenobabito, na nikichelewa kiwango kinashuka usiku ule ule. Watu hunicheka kwamba nikiwa kwenye kikao cha ukoo simu inalia natoka. Natoka.

Imepita zaidi ya miaka miwili sijaanguka, na ndio muda ambao madaktari huanza kuzungumzia kupunguza. Mke wangu hataki. Mimi nataka kidogo, si kwa sababu ya vidonge, ila kwa sababu ya udadisi: nijue ubongo wangu unafananaje bila msaada. Daktari ametupa hesabu bila kuipamba. Wapo wanaoacha na kubaki salama, wapo wanaoanguka tena, na zamani yangu ya kuanguka mfululizo inanipunguzia nafasi. Tukikubaliana, tutaanza Aprili, masika, wageni wakiwa wachache na stoo imetulia. Tutakata nusu kidonge, tutakaa wiki kadhaa, ndipo tukate nusu nyingine. Sitapanda bodaboda kipindi hicho, wala ngazi ya rafu za juu, na mdogo wangu atalala kwetu. Mke wangu anasema Aprili bado mbali, tutaongea.